Pembe za Kioo na Sitara ya Mja

Na Katibu wa Kamati ya Msikiti, Tabora

Ilikuwa tarehe 26 ya mwezi wa Ramadhani, baada ya swala ya Alasiri. Katika chumba kidogo cha ofisi ya msikiti wetu tulikuwa tukikamilisha orodha ya kaya zitakazopokea Zakatul-Fitri. Majina yalikuwa kwenye kioo cha kompyuta, kila jina na idadi ya watu wa nyumba yake, na pembeni ya baadhi ya majina tulikuwa tumeandika neno moja au mawili ya kujikumbusha: mjane, mgonjwa, hana kipato.

Akaingia jirani mmoja kutaka barua ya utambulisho kwa ajili ya kijana wake. Tukamkaribisha kiti kando ya meza, tukaanza kuitafuta barua ya mfano ambayo tulikuwa tumeifungua tangu asubuhi. Tukabofya hapa, tukabofya pale. Likaja daftari la michango, ikaja ratiba ya darsa, ikarudi orodha ya zaka na kutanda kioo kizima. Kwa muda wa kama dakika moja jirani yetu aliketi mbele ya majina ya watu ambao hawakumpa ruhusa ya kuyasoma.

Hakuwa na nia mbaya. Jioni, barazani, alitaja kwa kusifu kwamba msikiti unamkumbuka mama fulani wa mtaa wake. Maneno yakatembea. Siku ya kugawa mchele mama yule hakutokea, na kijana tuliyemtuma ampelekee nyumbani alirudi na mfuko wake. Mama alikuwa amesema apewe mwenye shida zaidi yake.

Ndugu msomaji, kosa lile halikuwa la jirani, wala halikuwa la kompyuta. Lilikuwa letu. Tumefundishwa tangu chuoni ubora wa kuificha sadaka inapomfikia fakiri, nasi tulimwanika mja wa Mwenyezi Mungu kwa sababu ndogo kabisa: madirisha yalirundikana mbele yetu na mkono haukujua njia ya kuyapanga wala kuyafunika. Makala hii ni ya njia hiyo. Inahusu pembe na kingo za kioo cha kompyuta, na ishara chache za mkono unaoshika kipanya. Tunaiandikia kurasa za familia kwa sababu aibu kama ile haikai ofisini peke yake. Nyumbani mna barua za hospitali, matokeo ya watoto na hesabu za duka, na mlangoni daima kuna anayebisha hodi.

Mzigo upo, lakini uko wapi?

Sisi wa Tabora tuna historia ndefu ya kupanga mizigo. Njia ya misafara iliyotoka Bagamoyo ilifika hapa Unyanyembe, kisha ikagawanyika: moja kwenda Ujiji, nyingine kaskazini kuelekea Karagwe na Buganda, nyingine kusini. Richard Burton na John Speke walipoingia Kazeh mwezi Novemba 1857 waliwakuta wafanyabiashara wa Kiarabu na Waswahili wakiishi katika matembe yenye ua wa ndani. Mizigo iliyobebwa na wapagazi ilifunguliwa hapa, ikahesabiwa, ikafungwa upya na kupewa njia yake. Mji wetu ulikuwa meza kubwa ya kupangia.

Hata meza kubwa hurundikana. Mwaka 1871 Henry Stanley alipofika Kwihara, nje kidogo ya mji, alikuta msafara uliotumwa kutoka Unguja kumpelekea David Livingstone mahitaji yake. Ulikuwa umekwama. Miongoni mwa mizigo hiyo palikuwa na mfuko wa barua wenye tarehe 1 Novemba 1870. Livingstone alikuwa mbali upande wa magharibi, hana habari za kwao, naye baadaye akarejea Ujiji akiwa ameishiwa kila kitu. Kisha vita vya Mirambo na Waarabu wa Unyanyembe vikaifunga njia ya magharibi. Mfuko ule ulimfikia mwenyewe kwa mkono wa Stanley, takribani mwaka mzima baada ya kuondoka Unguja.

Barua zile hazikupotea. Zilikuwa salama ndani ya tembe, isipokuwa hazikuwa mbele ya macho ya aliyezihitaji. Ndivyo lilivyo dirisha la kompyuta lililofunikwa na mengine. Kazi ipo, hatuioni, nasi katika kuitafuta tunafunua ile isiyotakiwa kuonekana.

Kwa nini pembe?

Kipanya ni chombo cha miaka ya 1960. Mmarekani Douglas Engelbart alikionyesha hadharani mjini San Francisco tarehe 9 Desemba 1968, kikiwa kidude kinachosukumwa mezani ili kuuongoza mshale kwenye kioo. Lakini kanuni inayoeleza uzito au wepesi wa kukitumia ilikuwa imekwisha kupatikana. Mwaka 1954 mwanasaikolojia Paul Fitts alionyesha kwamba muda wa mkono kufikia shabaha hutegemea mambo mawili: umbali wa shabaha na upana wake. Shabaha ikiwa mbali na ndogo, mkono hulazimika kupunguza mwendo mapema, kurekebisha, na mara nyingi kupitiliza.

Sasa tazama kitufe kidogo cha kushushia dirisha. Ili kukifikia ni lazima mshale usimame juu yake barabara. Pembe ya kioo si hivyo. Mshale ukisukumwa kuelekea pembeni huzuiwa na kingo mbili, na hata ukisukuma kwa nguvu kiasi gani hauendi zaidi. Ni kama mtu anayetembea gizani chumbani mwake: akiufuata ukuta hatakosa kuikuta pembe. Kwa hiyo mahali panapoonekana padogo kuliko pote kwenye kioo ndipo panapofikika kwa wepesi kuliko pote.

Faida ya jambo hili tuliiona kwa mzee wetu mweka hazina. Mkono wake wa kulia umeanza kutetemeka. Mara mbili alikifunga kitabu cha hesabu akikusudia kukishusha tu, na siku moja alituambia, "Wanangu, mkono huu umeshanikataa. Mtafuteni kijana mshike hazina yenu." Ilituuma, kwa maana katika kamati yetu hakuna anayeaminiwa na waumini kama yeye. Tukamwomba ajaribu jambo moja kabla ya kujiuzulu. "Mzee," tukamwambia, "usilenge. Sukuma tu mpaka ukutani." Akasukuma mshale mpaka pembe ya chini kulia, akabofya, na madirisha yote yakashuka kwa pamoja. Akabofya tena, yakarudi yalivyokuwa. Akatutazama, akacheka. Hazina ingali mikononi mwake.

Yanayopatikana katika Windows

Kompyuta ya ofisi yetu inatumia Windows, kama zilivyo nyingi za maofisini na madukani mjini hapa. Yafuatayo hayahitaji kununua wala kuongeza programu yoyote.

La kwanza ni hiyo pembe ya chini kulia, kupita saa, mwisho kabisa wa upau wa chini. Ukibofya mara moja, madirisha yote hushuka na kioo hubaki kitupu. Ukibofya tena, hurudi. Ikiwa pembe haijibu katika Windows 11, ifunguliwe katika mipangilio ya upau huo. Anayependelea kibodi abonyeze kitufe cha Windows pamoja na herufi D, atapata matokeo yale yale.

La pili ni kingo za kushoto na kulia. Shika upau wa juu wa dirisha kwa kipanya, liburute mpaka mshale uguse ukingo wa kioo, kisha achia. Dirisha litajaza nusu ya kioo. Ukiliburuta mpaka ukingo wa juu, litajaza kioo kizima. Utaratibu huu uliingia na Windows 7 mwaka 2009, na wengi wameutumia kwa bahati bila kujua kuwa ni utaratibu. Sisi huweka daftari la michango kushoto na taarifa ya benki kulia, tukalinganisha mstari kwa mstari. Zamani tulikuwa tukilifungua moja, tunakariri tarakimu, tunalifunga, tunafungua jingine. Katika kukariri huko tarakimu hugeuka, 54,000 ikawa 45,000, na mwisho wa mwezi watu waaminifu hutazamana kwa mashaka.

La tatu ni pembe zote nne. Tangu Windows 10 ya mwaka 2015, dirisha likiburutwa mpaka pembe ya kioo hujaza robo yake. Kwenye kioo kikubwa hili ni jambo zuri. Kwenye kioo kidogo kama chetu herufi hubanana, nasi tumetosheka na nusu mbili. Windows 11, iliyotoka mwaka 2021, imeongeza wepesi: ukiuweka mshale juu ya kitufe cha kutanua dirisha, hutokea michoro ya mipangilio mbalimbali, ukachagua unaoutaka.

La nne ni kutikisa. Ukilishika dirisha kwa upau wake wa juu na kulitikisa haraka kushoto na kulia, madirisha mengine yote hushuka, likabaki hilo moja. Ukilitikisa tena, mengine hurudi. Nalo lilikuja na Windows 7. Katika Windows 11 huwa limezimwa mwanzoni, na huwashwa katika mipangilio, sehemu ya mfumo, kwenye kipengele cha kufanya kazi nyingi kwa pamoja. Lau tungalilijua siku ile ya Ramadhani, tungaliitikisa ile barua ya utambulisho mara tu ilipojitokeza, na orodha isingalirudi tena.

Yanayopatikana kwingineko

Kompyuta ya madrasa ni kuukuu zaidi, na kijana mmoja wa mtaani ametuwekea Linux Mint, ambayo haidai ada ya leseni. Hapo pembe zina uwezo mkubwa zaidi. Katika mipangilio ipo sehemu ya pembe za kioo, na kila pembe hupewa kazi yake: kuonyesha madirisha yote kwa pamoja yakiwa madogo ili uchague, kuonyesha meza za kazi zaidi ya moja, kushusha yote, au kuendesha amri fulani. Huhitaji kubofya, mshale ukigusa pembe, kazi hutendeka. Sisi tumechagua pembe mbili tu. Ya juu kushoto huonyesha madirisha yote, na ya chini kushoto hufunga kioo kwa nywila. Nyingine tumeziacha tupu, kwa sababu pembe nne zenye kazi nne humchanganya mwalimu anayeingia mara moja kwa wiki.

Wanaotumia mazingira ya GNOME wanaifahamu pembe ya juu kushoto tangu toleo la 3 la mwaka 2011: ukiigusa, madirisha yote hujipanga mbele yako. Wanaotumia KDE Plasma wanaweza kuzipa kazi pembe na kingo pia. Kompyuta za Apple zilianza kuyatandaza madirisha yote kwa pamoja mwaka 2003, nazo pia huruhusu kila pembe ipangiwe kazi, ikiwemo kuzima kioo.

Kuna pia ishara zenyewe za kipanya. Opera, ambayo wengi wetu tuliijua kupitia simu ndogo, iliziingiza katika kivinjari chake cha kompyuta mwaka 2001. Mtumiaji hushikilia kitufe cha kulia cha kipanya na kuchora mstari: kwenda kushoto kurudi ukurasa uliopita, kwenda kulia kusonga mbele, kwenda chini kufungua ukurasa mpya. Ni sawa na mkono wa mwalimu darasani, ambao wanafunzi waliouzoea huuelewa bila neno. Katika kompyuta mpakato za sasa zenye Windows, vidole vitatu vikipanda juu ya kibao cha kugusa huonyesha madirisha yote, na vikishuka huyashusha.

Tahadhari

Yapo mambo manne ambayo tumejifunza kwa kukosea, au kwa kuona wengine walivyokosea.

Kwanza, kufunika si kufunga. Pembe inayoshusha madirisha ni pazia. Anayeketi kwenye kiti chako anaweza kulifunua kwa kidole kimoja. Unapoondoka mezani, hata kama ni kwenda kutawadha tu, funga kioo kabisa kwa kitufe cha Windows pamoja na herufi L, na kompyuta iwe na nywila.

Pili, katika Windows pembe ya juu kulia ina hatari yake. Dirisha likiwa limejaza kioo kizima, kitufe cha kulifunga kinakaa hapo hapo pembeni. Ukisukuma mshale huko na kubofya, umelifunga. Ndilo lililompata mzee wetu. Tumeweka mazoea ya kuhifadhi kazi kila baada ya kuandika ukurasa.

Tatu, pembe isiyotangazwa ni mtego. Windows 8 ya mwaka 2012 ilitegemea sana pembe za kioo, lakini hapakuwa na alama ya kumwonyesha mtu kwamba hapo pana jambo. Watu wengi walisumbuka, na katika Windows 10 utaratibu ule uliondolewa. Somo kwetu ni kwamba anayeipangia pembe kazi aandike karatasi ndogo na kuibandika kando ya kioo, ili mke, mtoto au mwalimu mwingine asidhani kompyuta imeingiwa na shetani.

Nne, ukiunganisha projekta kwa ajili ya darsa au mkutano, kumbuka kwamba ukingo mmoja wa kioo chako unaweza kuwa mlango wa kioo cha pili. Hapo mshale hausimami. Huvuka, na dirisha uliloliburuta huonekana ukutani mbele ya watu. Funga kila kisichohusika kabla ya kuwasha projekta.

Dirisha na pazia

Mwaka 2004 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walitoa Jambo OpenOffice, programu ya kazi za ofisi kwa lugha ya Kiswahili. Katika Kiswahili cha kompyuta tumezoea kuuita uwanja wa kazi kwenye kioo dirisha, nasi tunaliona kuwa jina zuri. Neno hilo lilitujia kutoka Kiajemi, na akina mama wa mji huu wanalijua vema kuliko mafundi. Dirisha ni la kuingiza mwanga na hewa, lakini hakuna mama anayelifungua upande wa njia bila kuweka pazia. Halifungi kwa sababu ya hofu, na halianiki kwa sababu ya uvivu. Anajua saa ya kulifungua na saa ya kuvuta pazia, na anajua kamba ya pazia iko wapi hata gizani.

Kamba hiyo ndiyo pembe ya kioo. Lakini kamba haifai mahali pasipo na adabu. Kwa hiyo kamati yetu imepitisha taratibu chache, nasi tunazitoa kwa misikiti na familia zitakazoona zinafaa. Meza ya ofisi imegeuzwa, kioo hakitazami tena mlango wala kiti cha mgeni. Orodha ya zaka inayotumika wakati wa kugawa ina namba tu; majina yamo katika faili jingine lenye nywila, na wenye kuifahamu ni watu wawili. Maneno kama mjane na mgonjwa tumeyafuta, kwa kuwa anayegawa hana haja nayo. Na kila anayeketi kwenye kompyuta ya msikiti, awe mwalimu au mjumbe, hufundishwa pembe ile kabla ya kufundishwa kuandika barua.

Baada ya Idi tulikwenda nyumbani kwa mama yule, tukiwa na mke wa imamu wetu. Alitupokea kwa heshima, akatupa viti, akatusikiliza mpaka mwisho. Tulimwomba radhi bila kumtaja jirani. Alinyamaza kidogo, kisha akauliza, "Na jina langu bado limo katika kile kioo?"

Tulimweleza ukweli: limo, lakini halionekani tena na kila anayeingia. Tukamweleza habari ya namba na faili lenye nywila. Akasema tumefanya vema, ila tungefanya mapema. Hatukuwa na jibu. Mchele wake aliupokea siku ile kutoka mikononi mwa mke wa imamu, akaenda nao ndani mwenyewe.

Siku hizi mtu akibisha hodi ofisini, mzee wetu mweka hazina hajibu mara moja. Husukuma kipanya mpaka ukutani, hubofya, hutazama kioo kilivyo kitupu, kisha ndipo husema, "Karibu." Ni kitendo cha sekunde moja. Tunamwomba Mwenyezi Mungu atusamehe ile dakika moja tuliyoipoteza, na aturuzuku sote sitara ya dunia na Akhera. Amin.